Kanda Hii Mama Yake Nani?

Maneno haya niliyasema Jumamosi iliyopita hapa Tanga, mbele ya wapenzi wa santuri na kanda za zamani. Nimeyaandika yote kwa ajili ya waliokosa kuja. Vipande vya muziki tulivyosikiliza siku ile havimo, mtanisamehe.

Wazee wangu, shikamooni. Dada zangu, kaka zangu, hamjambo. Na ninyi vijana mliokaa kule nyuma, ambao hamjawahi kuzungusha kanda kwa kalamu ili kuokoa betri, karibuni sana.

Kanda hii mnaiona? Ya dakika 90, lebo ina wino wa buluu uliofifia, na mwandiko ni wangu mwenyewe. Naiweka hapa mezani. Msiniulize ina nini. Tutaifikia.

Nimeombwa niseme juu ya rekodi za magendo za matamasha ya roki: zile ambazo kampuni haikuzitoa, mwenye wimbo hakuzibariki, lakini zimezunguka dunia mkono kwa mkono kuliko hata zilizotolewa kihalali. Na hasa niseme namna ya kutafuta zilikozaliwa. Kwa hiyo leo nina swali moja tu, nitalirudia mpaka mnichoke: kanda hii mama yake nani?

Swali hili mimi nililipata kwa kudanganyika. Mjomba wangu alikuwa baharia, na katika safari zake za miaka ya themanini aliniletea kanda iliyoandikwa kwa herufi kubwa: BOB DYLAN, ROYAL ALBERT HALL, LONDON, 1966. Niliipiga mpaka majirani wakajua nyimbo. Mgeni akija, kabla hajapewa maji nshamwambia, "Sikiliza, hii ni London." Nilisema London, nikaapa London, nikabishana na watu juu ya London.

Haikuwa London.

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa, maana kisa hiki ndicho baba wa visa vyote vya namna hii. Mwezi Mei 1966 Dylan, mwimbaji wa Marekani, alikuwa anazunguka Uingereza. Nusu ya kwanza ya kila tamasha alipanda jukwaani peke yake, gita la kawaida na kinanda cha mdomo, na watu walitulia kama wako msikitini. Baada ya mapumziko alirudi na gita la umeme na wenzake watano, ngoma zikaunguruma, spika zikatetema. Wale waliompenda kwa nyimbo za kimyakimya waliona wamesalitiwa. Walizomea. Wengine walipiga makofi ya polepole, ya makusudi, ili kumharibia.

Usiku wa Mei 17 alikuwa Manchester, katika ukumbi wa Free Trade Hall. Bado wiki moja atimize miaka 25. Karibu na mwisho, katikati ya wimbo na wimbo, ukumbi umetulia kidogo, mtu mmoja kutoka kwa watazamaji akapaza sauti: "Yuda!" Neno moja tu. Watu wakacheka, wengine wakashangilia. Dylan akasogea kwenye kipaza sauti, akasema kwa sauti ya kuburuza: sikuamini, wewe mwongo. Kisha akawageukia wenzake akawaambia wapige kwa nguvu, tena kwa tusi ambalo mbele ya wazee sitalitamka, wakaingia "Like a Rolling Stone" kama mtu anayevunja mlango.

Miaka kama minne baadaye nusu ile ya umeme ikaanza kuuzwa kwenye santuri za magendo. Na jaladani wameandika nini? Royal Albert Hall, London. Ni kweli Dylan alipiga Royal Albert Hall, Mei 26 na 27, mwisho wa safari ileile. Ni kweli ukumbi ule una jina kubwa. Muuza magendo akiwa na kanda mkononi, Manchester itamuuzia ngapi na London itamuuzia ngapi? Sisemi ndivyo alivyowaza. Nasema jina lile lilishika, likanakiliwa kutoka jalada moja hadi jingine mpaka likafika kwa mjomba wangu, na kutoka kwa mjomba likafika kwangu, nami nikaliapia.

Sasa tazameni. Ubora wa kanda ile ulikuwa unasema jambo moja kwa uhakika. Sauti ni safi, ala za kushoto na za kulia zimeachana vizuri. Hakuna mtu aliyekaa kiti cha nyuma na kinasa sauti cha mwaka 1966 akapata sauti ile. Hiyo ni kazi ya kampuni. Na kampuni yake, CBS, ilirekodi Manchester na ikarekodi London pia. Kwa hiyo ubora peke yake usingeweza kuamua kesi. Kilichoamua ni neno moja. Watu wa Manchester waliokuwamo ukumbini walikuwa wanalikumbuka neno lile. Unaweza kupiga nyimbo zilezile kwa mpangilio uleule usiku kumi mfululizo, lakini mtu kukuita Yuda, ukamjibu vile, hilo halitokei mara mbili.

Mwaka 1998 kampuni yenyewe ikatoa tamasha lote, nusu zote mbili, ikakiri kuwa ni Manchester. Je, waliliita tamasha la Manchester? Hapana! Waliandika "Royal Albert Hall" ndani ya alama za kunukuu. Karibu miaka 28 ya uongo ilikuwa imeshakuwa jina la mtoto, na jina la mtoto huliondoi kirahisi. Kichekesho hakikuishia hapo. Mwaka 2016 wakatoa boksi la diski 36, rekodi za safari ile ya 1966, na tamasha la Mei 26 wakalitoa peke yake pia. London ya kweli sasa. Na kwenye jina ikabidi waongeze neno "halisi". Yaani Royal Albert Hall iliyokuwa Royal Albert Hall kweli ndiyo iliyohitaji kujitambulisha.

Kanda hii mama yake nani? Kama mtu angeuliza swali hilo mwaka 1970...

Haya. Swali la pili mnaloniuliza kila siku: utajuaje? Lebo ni kauli ya mtu, naye mtu anaweza kuwa mwongo, msahaulifu, au mfanyabiashara. Ila kanda ina ushahidi wake yenyewe, ukijua pa kusikiliza.

Nani hapa aliwahi kuanika betri juani? Nyoosheni mikono. Naam, wazee wote! Mnakumbuka betri zikichoka mwimbaji anavyoanza kuvuta sauti, Mbaraka Mwinshehe anakuwa kama mtu aliyeamshwa usingizini? Sasa geuzeni. Betri zikichoka wakati wa *kurekodi*, utepe unapita polepole. Ukija kuupiga kwenye mashine nzima, sauti inakimbia, inakuwa nyembamba, ya kitoto. Tamasha linaanza sawasawa na linaishia juu. Hiyo inakuambia nini? Kwamba aliyerekodi alikuwa na mashine ya betri, amekaa mahali, pengine amejificha. Aliyechomeka mashine yake ukutani nyuma ya jukwaa hapati tatizo hilo.

Na aliyechomeka ukutani naye ana alama yake. Umeme wa Uingereza, kama wetu, hupiga mara 50 kwa sekunde. Wa Marekani mara 60. Mlio ule wa "mmm" unaoingia kwenye rekodi ni kama muhuri. Unaambiwa tamasha ni la Uingereza, halafu chini kabisa unasikia mlio wa 60, basi umepata la kuuliza. Lakini msikimbilie kuhukumu! Huenda mtu alinakili kanda ile Marekani, mlio ukaingia huko. Niliwahi kuona mtu akitangaza ushindi kwa mlio huo, kumbe aligundua tu nyumba ya aliyenakili.

Kisha kuna nakala. Kila kanda ikinakiliwa kwa kanda, "shhh" inaongezeka na matoazi yanafifia. Nakala ya nne, ya tano, matoazi yanakuwa kama mtu anayefagia chumba cha pili. Na kanda ya dakika 90 ina dakika 45 kila upande, kwa hiyo aliyerekodi lazima ageuze mahali fulani, na pale alipogeuza wimbo unakatika. Mkato huo ni wake. Mwenzake aliyekaa safu ya kumi aligeuza mahali pengine.

Hapa ndipo penye utamu. Nina nakala mbili za tamasha moja la Los Angeles. Moja nilipata kwa rafiki wa Nairobi, nyingine ilikuja kwa njia ya Muscat. Majalada tofauti, majina tofauti, hata tarehe tofauti. Nikazipiga pamoja, spika hii moja, spika ile nyingine. Wimbo wa tatu unakaribia kwisha, mtu anakohoa. Mara mbili, kikohozi kikavu, karibu kabisa na maikrofoni. Kwenye zote mbili. Baadaye kidogo sauti inazama upande wa kushoto kwa kufumba na kufumbua. Kwenye zote mbili. Kikohozi pekee kingeniambia tu kwamba maikrofoni ni moja. Lakini sauti kuzama? Huo ni ugonjwa wa utepe, wala hautoki ukumbini. Basi hizi ni ndugu, zimenyonya titi moja, na yule mama alikuwa na kovu kabla hajawazaa.

Si elimu ngeni hii. Wanaochunguza miswada ya tenzi zetu, iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu kule Lamu na Pate, wanafanya vivyo hivyo. Nakala mbili zikikosea neno lilelile, katika ubeti uleule, unajua zimetoka kwenye karatasi moja. Kosa linashuhudia kuliko usahihi. Usahihi kila mtu anaweza kuufikia kwa njia yake.

Vijana, ninyi mna ulaghai wenu mpya. Mtu anachukua faili ya MP3 iliyobanwa mno, anaigeuza kuwa FLAC, ile aina ya faili isiyopunguza sauti, halafu anaiita "kutoka kanda mama". Faili imekuwa kubwa, sauti ni ileile. Ifungueni kwenye programu inayochora sauti. Mkiona kwenye hezi 16,000 hivi pamekatwa wima kama ukuta, juu yake giza tupu, shukuni. Ila kumbukeni redio ya FM nayo hukatia kwenye 15,000. Ukuta si lazima uwe wa mwizi. Unaweza kuwa wa mtangazaji.

Maana kanda za tamasha huzaliwa sehemu tatu: kitini kwa mtazamaji, kwenye mitambo ya sauti ya tamasha lenyewe, na hewani, redioni.

Hewani nitapita haraka, ingawa najua kuna mtu hapa atakasirika nisipomtaja mtoto wa Zanzibar. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, dunia ikamjua kama Freddie Mercury. Mkesha wa Krismasi 1975, yeye na bendi yake, Queen, walipiga ukumbi wa Hammersmith Odeon, London, na BBC wakarusha moja kwa moja. Aliyekuwa na mashine nyumbani alibonyeza kitufe, basi. Kwa miaka 40 tamasha lile lilizunguka kwa magendo, mpaka lilipotolewa rasmi mwaka 2015. Nasaba yake nyepesi: mama ni mawimbi.

Kitini ni habari nyingine. Pale California miaka ya sabini alikuwapo mtu aliyeitwa Mike Millard. Alikuwa na mashine ya Nakamichi 550, dude zito la kufanyia kazi, si la mfukoni, na maikrofoni za AKG. Utaingizaje dude hilo ukumbini na walinzi wako mlangoni? Millard alikalia kiti cha magurudumu. Miguu mizima! Mashine imefichwa chini ya makalio, rafiki anamsukuma, walinzi wanampisha kwa heshima. Akishafika ndani, maikrofoni zinakaa kwenye kofia. Ndivyo alivyowanasa bendi ya roki ya Led Zeppelin pale ukumbi wa Forum, Juni 21, 1977, na rekodi ile hadi leo watu wanaitaja kama kipimo cha kanda ya kitini.

Sasa sikilizeni alivyokuwa mjanja juu ya nasaba. Millard hakuwa muuzaji, na alichukia kuona kazi yake inauzwa. Husimuliwa kwamba alipompa mtu nakala, aliweka ndani yake dosari ndogo ya makusudi, mahali pake, na akaandika daftarini: dosari hii, mtu huyu. Santuri ya magendo ikitokea dukani, anasikiliza, anafungua daftari. Kanda hii mama yake nani, na aliyemuuza mtoto ni nani? Alilijibu swali kabla halijaulizwa.

Alifariki mwaka 1994, na kwa muda mrefu watu waliamini kanda zake mama zimepotea. Hazikupotea. Kuanzia mwaka 2020 zilianza kutolewa moja baada ya nyingine, zimehamishwa kwa uangalifu, kila hatua imeandikwa: mashine gani, nani aliyehamisha. Na mwaka 2025 bendi ya Pink Floyd, walipotoa toleo la miaka 50 la albamu yao *Wish You Were Here*, walitia ndani rekodi yake ya Los Angeles ya Aprili 26, 1975. Kanda iliyoingia kwa mlango wa uani, chini ya makalio, imetoka kwa mlango wa mbele.

Mitamboni nitawapa mwanamke mmoja, Betty Cantor-Jackson. Alikuwa fundi sauti wa Grateful Dead, bendi ya roki ya Marekani. Mei 8, 1977, walipopiga ukumbi wa Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell, yeye ndiye aliyenasa. Wapo wanaosema ndilo tamasha bora walilowahi kupiga. Mimi napenda zaidi matamasha yao ya 1972, lakini hilo tutabishania kwenye chai. Baadaye Betty alipata dhiki, kanda zake nyingi zikawa kwenye ghala la kukodi, kodi ikamshinda, na mwaka 1986 vikapigwa mnada vyote. Kazi ya mikono yake! Waliozinunua na waliozinakili wakazisambaza, na watu wakaziita kwa jina la Betty. Bendi yenyewe ilikuwa inaruhusu kurekodi, ikakataza kuuza. Kuanzia Oktoba 1984 ikawatengea hata sehemu yao ukumbini. Kwa sababu hapakuwa na hofu, watu waliandika ukweli kwenye lebo. Tarehe, ukumbi, mashine, nakala ya ngapi. Tamasha la Cornell likaingia kwenye hazina ya sauti ya Maktaba ya Bunge la Marekani, na mwaka 2017, miaka 40 baadaye, likatolewa rasmi.

Mmoja wenu aliniuliza mlangoni, "Mzee, na huu si wizi?" Sitakukwepa. Kuuza jasho la mtu bila ridhaa yake ni wizi, na ukilitilia lebo ya uongo ni wizi mara mbili, unamwibia mwimbaji na unamwibia mnunuzi. Kurekodi ukaweka kabatini, ukabadilishana na mwenzako bila senti, hapo mahakimu wangu wawili wa moyoni bado wanabishana. Nimewaacha waendelee.

Sasa kanda ya mezani.

Shangazi yangu aliimba taarabu. Si wa vyama vikubwa, ni wa harusi za mtaani, lakini sauti alikuwa nayo. Aliimba harusi mbili ambazo mimi nilirekodi, ya 1984 na ya miaka miwili baadaye. Kanda moja iliharibika, ikabaki hii. Lebo inasema 1984. Mwaka jana wajukuu walitaka kujua hii ni harusi ya nani, bibi harusi gani aliyetiwa ndani ya wimbo. Nikawaambia lebo si mnaiona? Mwandiko wangu huu! Shangazi, ana miaka themanini na ushee, akasema, "Ile ya kwanza nilikuwa na mafua. Hapo sina mafua."

Niliona haya kumbishia, nikaenda kusikiliza. Kwa kweli nilisikiliza kama ninavyowafundisha ninyi, na vipokea sauti masikioni, usiku. Upande wa pili, baada ya wimbo wa pili, msema chochote anawataka watu watunze. Anasema, tuzeni jamani, msiogope, Mzee Mwinyi kasema ruksa! Watu wanacheka, sarafu zinalia kwenye sahani.

Mzee Mwinyi aliapishwa kuwa Rais Novemba 1985.

Miaka 40 nimewafundisha watu wasiamini lebo, na lebo niliyoiamini bila kuuliza ilikuwa ya kwangu. Nilimrudia shangazi, nikamwambia umeshinda. Hakunijibu, alinyoosha mkono nimpe kanda, akaitazama, akaniuliza nitaifutaje kalamu iliyokauka miaka yote hiyo. Sikuifuta. Nimeandika tarehe sahihi pembeni, na ile 1984, kama mnavyoiona walio karibu, nimeitia alama za kunukuu.

Kijana wa mitambo, ichukue. Upande wa pili, na usiikimbize mbele, ianze na kikohozi cha mtu kilichomo pale mwanzoni.